Yale Maua ya Manjano Kando ya Lupango

Mama, kila mwaka mvua inapokaribia kwisha, mwezi wa ine na wa tano, unaona kandokando ya barabara za Lubumbashi maua makubwa ya manjano, kama alizeti ndogo. Ni mazuri kwa macho. Lakini jani hilo si la kwetu. Linaitwa titonia, na kwao ni Meksiko na inchi za Amerika ya Kati. Watu walilileta Afrika kwa kupamba nyumba, kisha likatoroka bustani.

Kwa nini linashinda majani mengine? Linapenda udongo uliovurugwa. Tunapokata miti kwa makala, tunapofungua njia, tunapoacha lupango bila kujenga, linaingia mbele ya mengine. Linapita urefu wa mutu, linafunika chini, na majani madogo yanakosa jua. Mbegu zake ni nyingi, na hata kipande cha shina kikitupwa penye unyevu chaweza kuota.

Wengine wanasema pori hili linazaa mbu. Hapana, mbu wanazaliwa mu mayi. Lakini chini ya titonia watu wanatupa mikebe, mvua inaijaza, na hakuna anayeiona. Nyoka naye anajificha pale.

Ungoe mbele maua hayajakauka. Mara moja haitoshi, mbegu zilizolala udongoni zitaota mwaka unaokuja. Panda kitu hapo mara moja, lengalenga ao matembele, sababu udongo mutupu unaliita tena. Majani yake mabichi usiyachome, yana chakula kingi cha udongo. Yakatekate, yazike, ngoja juma moja ao mawili, kisha panda mahindi. Wakulima wa Kenya ya magharibi wanafanya vile.

Sasa jambo tunaloogopa zaidi. Katika sehemu nyingi za Afrika watu wanachemsha majani haya machungu kwa kutibu malaria. Usimupe mutoto. Panya waliopewa dawa iliyotolewa katika majani haya waliumia maini na figo. Tena malaria ya mutoto mudogo haingoji: asubuhi anacheza, jioni anashikwa na degedege. Siku ile unayongoja kuona kama majani yamefanya kazi, ndiyo siku aliyohitaji dawa. Mwili ukiwa moto, mulete siku ile ile apimwe damu, hata kama si siku yake ya kupima kilo.