Ahadi ya Mdomo Haiweki Mpaka

Jumapili moja alasiri mzee mmoja mkulima wa skimu alinitembelea nyumbani kwangu hapa Tena, Nairobi. Alikuwa amekuja mjini kumwona binti yake anayekaa Umoja, akasikia kwamba mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Alikuwa na bahasha ya kaki kwapani, wala hakukubali chai kabla ya kusema lililomleta.

"Mwalimu," akasema, maana wengi bado huniita kwa kazi niliyosomea, "shamba langu limepakana na msitu. Nimesikia redioni kwamba mahakama imewapa watu msitu kwa kuwa ulikuwa wa babu zao. Je, sisi wa skimu tutaambiwa tufunge virago?"

Nikamjibu, "Si hivyo, mzee. Lakini habari yenyewe ni ndefu, na si wewe peke yako unayeuliza. Nitaiandika gazetini." Basi habari ndiyo hii.

WATU WA ZIWA BOGORIA

Waendorois ni wafugaji na warina asali wa Baringo. Tangu zamani walikaa kandokando ya Ziwa Bogoria, ambalo wakati wa ukoloni liliitwa Hannington. Wakati wa mvua walilisha mifugo karibu na ziwa, na wakati wa kiangazi walipanda kwenye msitu wa Mochongoi. Ng'ombe walilamba chumvi ya nchi ile, na makaburi ya wazee yako hukohuko.

Mwaka 1973 Serikali ilitangaza mahali hapo kuwa hifadhi ya wanyama, na usimamizi ukawekwa chini ya baraza la wilaya. Waendorois wakaambiwa wahame. Wao wanasema kwamba waliahidiwa mashamba mazuri, majosho ya ng'ombe, mabwawa ya maji, asilimia 25 ya mapato ya watalii na asilimia 85 ya kazi zitakazopatikana. Ahadi hizo hazikutimizwa. Kufikia mwaka 1986 ni familia 170 tu, katika 400, zilizopata fedha, nazo zilipewa shilingi 3,150 kila moja. Nchi waliyohamia ni kavu, na mifugo mingi ilikufa.

Watu hao walishtaki katika Mahakama Kuu ya Nakuru, wakashindwa. Ndipo wakapeleka madai yao kwa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Novemba 2009 Kamisheni iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Ikaitaka Serikali ya Kenya itambue ardhi yao na kuwarudishia, iwaache waende ziwani kwa ibada na malisho, iwalipe fidia, na iwagawie mapato ya hifadhi. Mwaka 2014 Serikali iliunda kikosi cha kuangalia namna ya kutekeleza uamuzi huo.

Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe. Kutoka 1973 hadi 2009 ni miaka 36. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuhamishwa alikuwa amekwisha kuwa mzazi kabla ya shauri kuamuliwa, na kuamuliwa si sawa na kutekelezwa. Kama zile ahadi zingaliandikwa na kutiwa sahihi siku ile ya kwanza, hapana shaka kazi ingalikuwa fupi zaidi.

WAOGIEK WA MAU

Shauri la pili ni la Msitu wa Mau, ambao ni chanzo cha mito kama Mara, Sondu, Njoro na Ewaso Ng'iro ya Kusini. Kila mkulima anayetegemea mito hiyo ana haja na msitu huo. Waogiek wamekaa humo tangu kale kwa kuwinda na kurina asali. Oktoba 2009 walipewa siku 30 za kutoka, kwa sababu msitu ulitakiwa kuhifadhiwa. Mwaka 2012 shauri lao lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha.

Hukumu ilitolewa tarehe 26 Mei 2017. Mahakama haikusema kwamba kuhifadhi msitu ni kosa. Ilisema kwamba haikuonyeshwa kuwa Waogiek ndio walioharibu msitu. Uharibifu ulitokana zaidi na watu wengine walioingia, na sehemu zilizokatwa kwa ajili ya makazi, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa bila busara. Sisi wa skimu tusipite haraka mahali hapo. Makazi yanayosemwa ni mashamba ya watu kama sisi, waliopewa ardhi na wakubwa na kuambiwa kwamba yote ni halali.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ilitoa hukumu ya fidia. Iliamuru Waogiek walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa mateso waliyoyapata. Tena iliamuru ardhi yao ipimwe, iwekwe mipaka na kuandikiwa hati katika miaka miwili. Miaka hiyo ilikwisha mwaka 2024 bila kazi ya mipaka kumalizika. Na katikati yake, Novemba 2023, familia za Waogiek zilitolewa Sasimwani, Narok.

MWENYE SHAMBA ATAFANYWAJE?

Hili ndilo alilouliza mzee wangu. Kuhusu wale wenye vibali au ardhi ya kukodi ndani ya nchi ya Waogiek, Mahakama ilisema kwanza yafanywe mazungumzo. Ikiwezekana, waendelee na shughuli zao kwa kuwalipa Waogiek kodi au kugawana nao mapato. Wasipopatana, Serikali iwalipe fidia watu hao na kuirudisha ardhi kwa Waogiek. Kwa hiyo njia iliyowekwa ni mazungumzo na fidia, wala si kuamshwa usiku kwa moto. Lakini mtu hawezi kuzungumza wala kufidiwa kama hawezi kuonyesha alichokuwa nacho. Hapo ndipo karatasi inapokuwa mali.

Yafaa pia tujue kwa nini mashauri haya ni magumu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inahesabu misitu ya Serikali na hifadhi za wanyama kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 63 kinahesabu ardhi ya mababu na nchi za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Mara nyingi ni mahali pamoja pamoja. Sisi wa skimu tuna namba ya ploti, ramani na mawe ya mpaka. Mwogiek alama zake ni mti wa mzinga na kaburi la babu. Hizo nazo ni alama, ila hazikuingizwa katika daftari.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ilifungua mlango wa kuziingiza. Jamii hujiandikisha, watu wazima wote wakakutana na kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Kuuza au kutoa ardhi hiyo hakuwezekani mpaka theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa wakubali. Mzee mmoja hawezi kuigawa peke yake chini ya mti.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Tafuta barua yako ya kupewa ploti na risiti zote za mkopo. Kama hujapata hati, fuatilia sasa, usiwaachie watoto.

2. Nenda katika ofisi ya ardhi ukafanye sachi, ujue shamba limeandikwaje na kwa jina la nani.

3. Tembea mpaka wako pamoja na jirani, wazee na bwana msitu. Usilime hata hatua moja kupita mawe, maana hatua hiyo itaharibu madai yako yote.

4. Ukiruhusiwa kuni, malisho au maji ndani ya msitu, ruhusa iwe ya maandishi. Sheria ya misitu huwaruhusu wakaaji wa karibu kuunda chama cha jamii cha msitu na kuandikiana mapatano.

5. Jirani akidai nchi ya babu zake, msikilize. Anayejua chemchemi za zamani na njia za wanyama ni msaada kwa msitu unaokupa mvua.

Nilipokwisha kumweleza mzee haya, alifungua bahasha yake. Barua ya ploti ilikuwamo, na risiti zimefungwa kwa uzi. Nikamuuliza, "Na ng'ombe hunywa wapi?"

"Kijitoni, ndani ya msitu. Bwana mmoja wa msitu aliturusu zamani."

"Aliandika?"

"La. Alisema tu, naye amekwisha kufa."

Tukanyamaza kidogo. Kisha akakunywa chai yake, akaniomba karatasi na kalamu, akaanza kuorodhesha majirani kumi na wanne wanaonywesha ng'ombe katika kijito kile, ili warudi wote pamoja kuiomba ruhusa ile upya, safari hii kwa maandishi.