Ploti ya Hamsini kwa Mia

Mwenye ekari moja ya chai katika kata ya Merigi, Bomet Mashariki, akiwa na mtoto anayelipwa mshahara Nairobi, siku hizi huona ploti kabla ya kuona chai. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi 5,000 za mraba, na ekari ni futi 43,560. Kwa hivyo kwenye karatasi zinatoka ploti nane na kipande, kabla barabara ya kuingilia haijameza kipande hicho na pengine ploti nzima. Muuzaji husema kila moja ni sehemu ya nane ya ekari. Ingekuwa hivyo ingetimia futi 5,445, lakini hizo 445 hakuna azidaiye.

Ploti moja inauzwa, fedha zake zinajenga nyumba ya pili ya kupangisha kwenye inayobaki. Wapangaji wapo. Bomet mjini kuna chuo kikuu kishiriki, Hospitali ya Tenwek haiko mbali na mji, na walimu na wauguzi hawalali hewani. Hata ushuru si mkali: tangu Januari 2024 kodi ya mapato ya nyumba za makazi ni asilimia 7.5, na humgusa anayepokea zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka. Nyumba ya vyumba viwili Merigi haimwamshi mtoza ushuru.

Ila kujenga nyumba ya pili hakulazimu kukata shamba. Hati moja inaweza kubeba nyumba mbili. Anayekata anataka kuuza, au kuweka rehani kipande tu, au kila ndugu awe na chake, na hapo ndipo sheria inapobisha hodi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka kibali cha bodi kabla ya kugawa ardhi ya kilimo kuwa na hati tofauti, na mauzo yasiyo na kibali ni batili. Bodi imepewa hata uwezo wa kukataa ikiona mgawanyo utapunguza mavuno. Ukitazama mabati mapya yanavyong'aa katikati ya majani chai, ni vigumu kujua kifungu hicho kimemzuia nani.

Kikwazo kikubwa zaidi ni jina lililo kwenye hati. Mara nyingi ni la babu aliyekwisha kuzikwa. Wanawe waligawana kwa miguu, mbele ya wazee, kuanzia mgomba ule hadi mti ule, na kila mmoja anajua mpaka wake. Masjala ya ardhi haiujui. Kisheria nyumba ya kudumu hufuata ardhi iliyosimama juu yake, hivyo mwekezaji aliyemwaga saruji pale amejenga kwenye mali ya marehemu. Benki ikiletewa hati hiyo inarudisha faili. Njia ni mirathi mahakamani kwanza, ndipo bodi, mpima ardhi na hati mpya.

Na mirathi ina macho yake. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike. Dada aliyeolewa Sotik yumo kwenye orodha ya warithi, na kwa kawaida hukumbukwa nyumba ikishapakwa rangi, saini yake inapohitajika.