Viboko wa London: udongo wa shantie unavyoeleza mto wa kale

Mtu wa Vitshumbi hashangai kuona kiboko. Lakini umwambie kwamba viboko waliishi pia katikati ya London, atacheka. Mifupa yao ipo. Ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wajengaji walipochimba misingi ya majengo karibu na uwanja wa Trafalgar. Pamoja nayo kulikuwa mifupa ya simba, na ya aina ya tembo iliyokwisha kutoweka duniani. Umri wake ni miaka karibu 125 000.

Mifupa peke yake haisemi mengi. Kilichosema zaidi ni mchanga na tope la mto Thames lililoifunika, maana ndani yake mlikuwa mbegu, chavua za maua na magamba ya mende. Baadhi ya mimea hiyo leo inaota kusini mwa Ulaya. Ndiyo maana watafiti wanasema majira ya joto ya London wakati ule yalikuwa na joto kuliko ya leo. Alama ya binadamu hakuna.

Leo kazi hiyo ina utaratibu. Kabla ya kusimamisha ghorofa, injenieri hutoboa ardhi kwa bomba ili ajue kama itabeba uzito. Udongo unaotoka humo, mtaalamu mwingine anausoma toka chini kwenda juu. Akikuta changarawe nzito, anajua maji yalikuwa na nguvu. Mchanga unaonyesha kwamba nguvu imepungua. Tope laini linaachwa na mafuriko au na maji yaliyosimama, na udongo mweusi wa majani yaliyooza ni kinamasi. Tundu moja halitoshi. Lakini wakipima kina cha changarawe katika matundu mengi na kuyaunganisha kwenye kompyuta, bonde la kale linajitokeza, na mikondo na visiwa vyake. Bermondsey, mtaa wa kusini mwa London, umekaa juu ya kisiwa cha namna hiyo. Jina lenyewe lina neno la kale la kisiwa.

Umri unapimwa kwa kaboni, lakini kaboni haivuki miaka 50 000 hivi. Zaidi ya hapo wanapima mchanga wenyewe, kujua ni lini uliona jua mara ya mwisho.

Nani analipa? Tangu mwongozo wa serikali wa mwaka 1990, kule England gharama kwa kawaida inamwangukia mwenye kujenga. Ilikuwa hivyo kwa Crossrail, reli iliyofunguliwa mwaka 2022: huko North Woolwich wachimbaji walikuta vifaa vya mawe vya miaka karibu 9 000, vilivyotengenezwa na watu kando ya Thames.

Kwetu ufundi huu si mgeni. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, pale Semliki inapotoka Ziwa Edouard, akapata mfupa wenye alama zilizochongwa, wa miaka karibu 20 000. Uko Bruxelles. Toka hapo, Butembo, Bukavu na Uvira zimejengwa sana, na udongo wa misingi umebebwa na malori bila mtu kuuangalia.

Hasara si ya historia tu. Mwezi wa tano 2023, mafuriko ya Kalehe yaliua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, mahali mito inaposhuka kuingia Ziwa Kivu. Sisemi kwamba tundu la bomba lingewaokoa. Mtu masikini anajenga panapopatikana. Lakini mto huacha alama mahali ulipopita, na fundi anaweza kuiona bila mashine. Akichimba choo, na mita mbili chini ya parseli akakuta mawe ya mviringo, laini kama yaliyosuguliwa kwa mkono, hapo mto uliwahi kupita.