Rangi Ndani ya Ufa

Machi 27, 1980, mguu mmoja wa jukwaa la Alexander L. Kielland, walimolala wafanyakazi wa visima vya mafuta vya Norwei katika Bahari ya Kaskazini, uling'oka na jukwaa likapinduka. Kati ya watu 212 waliokuwemo, 123 walikufa. Wachunguzi waliufuatilia ufa ulioanzisha ajali hadi kwenye mshono mdogo wa milimita 6, uliochomelewa tu kushikilia kifaa cha kunasia sauti majini. Ndani ya ufa walikuta rangi. Kumbe ulikuwepo tangu kiwandani, na mpaka rangi akapita juu yake.

Mageti na grili zetu nazo hupakwa rangi mapema mno, kabla mwenye mali hajaukagua mshono. Kasoro zinazoonekana hazinipi shida sana. Vitundu ni gesi iliyonaswa chuma kikiganda, na chanzo chake ni kutu, mafuta, rangi ya zamani au zinki ya bomba la mabati. Piga grainda mpaka chuma king'ae (zinki ukiichoma, moshi wake utakulaza na homa usiku). Kifereji kinachochimbika kando ya mshono ni moto mwingi, au kijiti cha kuchomelea kimeshikwa mbali.

Hatari ni mshono usioshika. Fundi akiogopa kutoboa hushusha moto, chuma cha kijiti kikayeyuka na kulala juu ya bamba kama nta iliyodondokea meza. Kwa macho unapendeza kabisa! Kijiti cha E6013 cha milimita 3.2 huhitaji takriban ampia 90 hadi 130. Bomba likiwa jembamba, chukua kijiti chembamba; usikinyime moto kijiti kinene.

Kisha kuna unyevu, adui wa vijiti vya E7018 vinavyotumika kwenye kazi nzito. Maji yaliyofyonzwa na ganda la kijiti huachia hidrojeni, ikaingia kwenye chuma, na chuma kigumu kinaweza kupasuka saa 48 baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Kwa hewa ya Tanga au Mombasa, pakiti iliyofunguliwa haifai kulala wazi. Kuianika juani hakusaidii: vijiti hivyo hukaushwa kwenye oveni, kwa kawaida karibu nyuzi 350 za Selsiasi, kwa kufuata maelezo ya kiwanda.

Kabla ya kumpa fundi kazi yako, mwambie asimamishe kipande cha bamba juu ya kingine kama herufi T, achomelee upande mmoja tu, kisha akiangushe kwa nyundo kuelekea upande wenye mshono mpaka uvunjike. Tazama palipovunjika, hasa kwenye kona ya ndani. Ukiona ukingo wa bamba bado umenyooka, na mikwaruzo ya grainda inasomeka, chuma hakikuyeyuka hapo. Aongeze moto, arudie.