Fahamu: Amonia, kutoka mbolea hadi injini ya meli

Amonia, ileile inayotengenezewa mbolea ya urea, sasa inachomwa kuzalisha umeme. Mwaka 2024 kituo cha Hekinan, Japani, kilijaribu kuchoma makaa ya mawe yaliyochanganywa na asilimia 20 ya amonia. Mwaka huohuo Sakigake, boti ya kuvuta meli, ilianza kutumia amonia huko Yokohama.

Amonia haina kaboni, hivyo ikiungua haitoi kaboni dioksidi. Huwa kimiminika kwenye nyuzi -33 tu. Haidrojeni, nayo isiyo na kaboni, hudai -253. Ila ni sumu: ikivuja chumba cha injini, huunguza macho na mapafu ya mabaharia.

Tena nyingi bado hutokana na gesi asilia, na kaboni dioksidi hutolewa kiwandani. Hapo, kwa maoni yangu, moshi umehamishwa bomba tu. Ile safi, inayoanzia kwenye maji yaliyopasuliwa kwa umeme wa jua au upepo, bado ni ghali.