Luwum alibaki, Kivengere akavuka mpaka: Funzo kwa Mkristo aliye katika majaribu

Jumapili ya Februari 20, 1977, maelfu ya waumini walipanda kilima cha Namirembe jijini Kampala kwa ajili ya ibada ya kumuaga Askofu Mkuu Janani Luwum. Kaburi lilikuwa tayari, kando ya lile la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Kilichokosekana ni mwili. Utawala wa Idi Amin ulikataa kuutoa, na askari wakaupeleka kuzikwa kijijini kwao Mucwini, wilayani Kitgum.

Waumini hawakutawanyika. Wakiwa wamelizunguka kaburi tupu, Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti aliwakumbusha habari ambayo malaika aliwapa wanawake waliokwenda kwenye kaburi la Yesu, kwamba waliyekuwa wakimtafuta hakuwamo tena humo. Msiba ukageuka kuwa ibada ya sifa.

Siku hizohizo, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na mkewe, Mera, walivuka milima kwa miguu usiku wa giza na kuingia Rwanda.

Walikuwa maaskofu wa kanisa moja, na jaribu lilikuwa moja. Mmoja alibaki akauawa, mwingine akakimbia akapona. Je, ni nani kati yao aliyekuwa na imani?

Swali hilo halijapitwa na wakati. Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Boga hiyo iko Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako katika miaka ya karibuni mashambulizi ya waasi yamewafanya Wakristo wengi waache nyumba, mashamba na makanisa yao. Wapo waliokimbia, wapo waliobaki, na kila upande hujiuliza kama umemkosea Mungu.

Barua kwa rais

Luwum alizaliwa mwaka 1922 katika jamii ya Waacholi. Alikuwa mwalimu, akaokoka mwaka 1948 kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Walokole ambalo chimbuko lake linahusishwa na Gahini nchini Rwanda, na ambalo lilienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Kivengere naye alikuwa mtoto wa uamsho huo, na kabla ya kuwa askofu alifundisha kwa miaka kadhaa Dodoma.

Usiku wa kuamkia Februari 5, 1977, askari walivamia makazi ya Luwum na kupekua wakidai kutafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu wakamwandikia Amin barua wakilalamikia mauaji, watu kupotea na raia kuishi kwa hofu ya wale waliopaswa kuwalinda.

Februari 16 waliitwa mbele ya umati wa askari, zikaonyeshwa silaha, na Luwum akatuhumiwa kula njama za kuipindua serikali. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akazuiwa. Kabla ya hapo aliwaambia kwamba anauona mkono wa Mungu katika jambo hilo. Kesho yake ilitangazwa kuwa amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Waliouona mwili wake walisimulia kuwa ulikuwa na majeraha ya risasi.

Luwum alikuwa ameshauriwa aondoke nchini mapema. Alikataa, kwa kuwa hakutaka kuwaacha waumini wake. Kivengere naye alitaka kubaki, lakini waumini na marafiki walimsihi aende, wakisema askofu mmoja aliyeuawa anatosha. Akawasikiliza.

Kikapu cha Damasko

Katika makanisa mengi ya miji ya ukanda huu, mgonjwa huambiwa haponi kwa sababu imani yake ni haba, na aliyefilisika huulizwa ana dhambi gani ya siri. Ni hoja ya zamani. Marafiki wa Ayubu waliitumia, na mwisho wa kitabu hicho Mungu anawakemea wao, si Ayubu aliyelia na kulalamika.

Biblia haimpi Mkristo jibu moja la kila jaribu. Paulo alipotafutwa ili auawe Damasko, wanafunzi walimteremsha ukutani usiku ndani ya kikapu. Miaka mingi baadaye alionywa kwa machozi asiende Yerusalemu, naye akaenda. Ni mtu yuleyule, mwenye imani ileile. Yesu mwenyewe alikimbiziwa Misri akiwa mtoto, na alipokuwa mtu mzima aliuendea msalaba.

Kwa hiyo kukimbia hatari si lazima kuwe woga, kama vile kubaki si lazima kuwe ushujaa. Kinachopimwa ni kile mtu anachokibeba moyoni anapobaki au anapokwenda.

Jaribu la pili

Kivengere alilijua hilo akiwa ameshapona. Akiwa uhamishoni, aligundua kuwa chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikimla kwa ndani. Alisimulia kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alisikia habari ya Yesu akiwaombea msamaha waliomsulubisha, akatambua kuwa hana haki ya kumtoa Amin katika sala hiyo. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake kiitwacho I Love Idi Amin. Jina hilo liliwashtua wengi, wakiwamo waliofiwa.

Lakini msamaha wake haukuwa kunyamaza. Aliendelea kueleza duniani yaliyokuwa yakitendeka Uganda, na Amin alipoangushwa Aprili 1979 alirudi nyumbani kulijenga upya kanisa na taifa. Alifariki dunia mwaka 1988.

Hapo ndipo njia za maaskofu hao wawili zinapokutana. Wote walisema ukweli mbele ya mwenye nguvu. Wote walitegemea ushirika, kama Walokole walivyozoea kukutana na kuelezana yaliyo moyoni badala ya kuvaa uso wa ushindi. Na wote walikataa kumlipa mtesaji kwa chuki.

Tangu mwaka 2015, Februari 16 ni sikukuu ya kitaifa Uganda kwa heshima ya Luwum, na mahujaji hukusanyika Mucwini kwenye kaburi lake. Kwa aliyelazimika kufunga mzigo usiku na kwa aliyebaki kulinda kanisa, kaburi hilo na ile njia ya milimani kuelekea Rwanda yana ushuhuda mmoja: Mungu hakumwacha aliyekufa, wala hakumkataa aliyekimbia.