Kashozi Wageni Wakishaondoka

Ukija Kashozi kati ya Krismasi na Mwaka Mpya utadhani umefika mjini. Magari yenye vumbi la safari ya zaidi ya kilomita elfu moja yameegeshwa kando ya migomba. Watoto wanaosema Kiswahili cha Dar es Salaam wanawafukuza kuku wa bibi yao. Vijana wa bodaboda hawapati hata nafasi ya kula, mbuzi wamepanda bei, na kanisani usipowahi utasali ukiwa umesimama nje. Hata mtoto anayeishi Uingereza au Marekani atajitahidi aje. Miaka ya karibuni mkoa wetu wa Kagera wenyewe umekuwa ukiwaalika watu wake kwa maneno ya Kihaya, Ijuka Omuka, yaani kumbuka nyumbani.

Sasa, mama msomaji, njoo tena tarehe 20 Januari.

Barabara imetulia. Mageti yamefungwa kwa minyororo. Kwenye veranda za vigae kuna majani makavu ya migomba yaliyoletwa na upepo wa ziwani, na mjusi anaota jua. Luku imekwisha, kwa kuwa aliyekuwa akinunua umeme kwa simu yake amerudi kazini. Jokofu lililojaa nyama na soda limeachwa mlango wazi lisije likanuka. Vijana wa bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao, na mkungu wa ndizi uliogombewa wiki tatu zilizopita sasa haumpati mnunuzi.

Mimi ni muuguzi. Nimezaliwa upande huu na nimeolewa upande huuhuu, kwa hiyo haya nayaona kila mwaka. Jumamosi ambazo siko zamu, tunakwenda kina mama watatu au wanne wa jumuiya kuwatembelea wagonjwa na wazee. Tuna daftari letu la shule tunaloandika nani tumemwona na ana shida gani. Daftari hilo halijai Desemba. Linajaa mwisho wa Januari na Februari.

Kwa msomaji asiyetufahamu, Kashozi iko kaskazini ya mji wa Bukoba, juu ya kilima, na Ziwa Victoria liko chini upande wa mashariki. Hapa ndipo Mapadri Weupe walipoanzisha misheni yao mwaka 1892, na hapa mwili wa Kardinali Laurean Rugambwa ulipumzika tangu alipofariki mwaka 1997 hadi ulipohamishiwa kanisa kuu la Bukoba mwaka 2012. Shule zilikuja mapema, na waliosoma wakaondoka mapema. Lakini Mhaya, hata akae mbali namna gani, huzikwa kwenye kibanja cha kwao. Ndiyo maana anajenga nyumbani nyumba ambayo atalala humo siku kumi kwa mwaka. Atakuwa na mahali pa kufikia Krismasi, na siku ya msiba watu watapata pa kukaa.

Si sisi pekee tuliozoea msimu wa wageni. Kule Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, hoteli kadhaa hufungwa wakati wa mvua za masika. Katika visiwa vya Ugiriki, ambako watu wa Ulaya huenda kuota jua, hoteli nyingi hufunga milango mwishoni mwa Oktoba na kufungua karibu na Pasaka, na katikati hapo hubaki wenyeji, paka na upepo wa baharini. Lakini mwenye hoteli amelipwa. Alipika, alifua mashuka, akapokea fedha zake, sasa anapumzika na kuhesabu. Kwetu mwenye hoteli ni mama, na wageni ni watoto wake mwenyewe. Nani atamletea mama mtoto wake hesabu ya kulipa?

Mwaka mmoja, Januari ikielekea ukingoni, mtoto wa kiume wa miaka tisa alikuja nyumbani kwangu jioni akikimbia. Ni mmoja wa wale wanaoachwa wakati magari yanarudi, "abaki kidogo na bibi mpaka mambo yakae sawa". Akaniambia bibi yake ameshindwa kuwasha moto, anasema kichwa kinapasuka na macho hayaoni vizuri. Nilichukua kipimo changu cha presha nikamfuata.

Nyumba ninaifahamu, ni ya vyumba vitano, imejengwa na watoto wake na kuwekwa vigae hadi jikoni. Bibi hakuwa humo. Alikuwa nyuma, kwenye jiko la zamani la udongo, amejilaza juu ya mkeka karibu na mafiga. Funguo za nyumba kubwa zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga yake. Nilipompima, presha ilikuwa 210 kwa 120. Nilirudia mkono wa pili. Ilikuwa ileile.

Tulimpeleka kituo cha afya usiku ule kwa bodaboda, mimi nimekaa nyuma nimemshikilia. Kiharusi kilimkosa kidogo tu. Siku ya tatu alipopata nafuu nikamuuliza, "Mama, vidonge vyako vilikwisha lini?"

"Havikuisha, mwanangu. Nilivificha."

Alikuwa ameviacha tangu tarehe 20 Desemba. Mama msomaji, sikiliza sababu zake, kwa maana mimi muuguzi wa miaka mingi sikuzijua. Moja ya dawa zake ni ile ya kupunguza maji mwilini, inayomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Kitanda chake alikuwa amewapa wageni, yeye akalala chini chumba kimoja na wajukuu sita. Kila akiinuka usiku anawakanyaga watoto gizani, wanaamka wanalia. Akaona bora aache dawa hadi wageni waondoke. Tena hakutaka waone kopo la vidonge. "Wametoka mbali kuja kufurahi," alisema, "mimi niwaonyeshe ugonjwa?"

Basi wageni wakaondoka tarehe 3 Januari. Kwa nini hakuanza tena? Alianza, kwa siku chache, ndipo vikaisha kweli, na fedha ya kununulia vingine hakuwa nayo.

Hapa ndipo pananiuma. Watoto wale si wabaya. Walimwachia fedha, na si kidogo. Lakini kabla hawajafika, mama alikuwa amekopa dukani mchele, sukari, mafuta na sabuni ili wasije wakakuta nyumba kavu. Fedha waliyoacha ikalipa deni lile. Na siku ya kuondoka kila gari lilipakiwa kama desturi yetu ilivyo: mikungu ya ndizi, maharage, kuku wawili, kahawa ya kutafuna, senene waliokaangwa tangu Novemba. (Zamani mwanamke wa Kihaya aliwakamata senene, akawanyonyoa mabawa, akawakaanga, wakala wanaume. Siku hizi angalau tunakula wote.) Ghala ikabaki tupu. Alitoa kwa furaha, na angetoa tena kesho. Anayeketi kwenye gari huona baraka za nyumbani, na hana njia ya kujua kwamba anaondoka na chakula cha Februari.

Kuanzia hapo hadi kahawa iive, karibu mwezi wa tano, kwetu ni kipindi kigumu. Maharage ya vuli yamekwisha au yametunzwa kwa mbegu. Sare na madaftari ya wajukuu yanahitajika, maana ada iliondolewa katika shule za serikali mwaka 2016 lakini mtoto haendi shule uchi. Ndipo anapopita mnunuzi wa butura. Wasio wa Kagera huenda hawalijui neno hili. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua au punje za kijani mtini. Mnunuzi anakupa fedha leo, na siku ya mavuno anakuja kuchukua kahawa yote mliyokubaliana, kwa bei ndogo sana kuliko ile utakayosikia imetangazwa mnadani. Serikali imeikataza miaka mingi, na viongozi wa vyama vya msingi huikemea kila mkutano. Lakini butura haifanyiki mkutanoni. Inafanyika uani, jioni, na mtu mwenye shida.

Bibi wetu alikuwa ameuza madebe manne kwa njia hiyo. Alinunua sare ya mjukuu, chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Vidonge alipanga kununua baadaye.

Nilikasirika, nakiri. Nikampigia simu binti yake mkubwa, ambaye ana duka lake Dar es Salaam, nikaanza kumweleza kwa sauti ya juu kidogo. Alinyamaza. Kisha akasema, "Dada, kila Jumapili namwuliza mama unaendeleaje. Kila Jumapili ananiambia hatujambo, tuko salama. Sasa mimi ningejuaje?" Nikakosa jibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita mbele ya geti lile mara mbili baada ya Mwaka Mpya, nikaona limefungwa, nikasema moyoni, leo bibi anapumzika, ana haki yake.

Tulizungumza karibu saa nzima. Sikutaka atume fedha nyingi kwa uchungu kisha asahau. Hilo nimeliona mara nyingi. Tulikubaliana kwamba fedha ya dawa itatumwa kila mwezi tarehe moja, kwa simu ya mama mmoja wa jumuiya anayeaminika, naye akatoe na kununua. Ile kubwa ya Desemba igawanywe, nusu itumwe mapema mwezi wa kumi na moja ili mama asikope dukani, nusu ibaki kwa ajili ya Februari. Na maswali ya Jumapili yabadilike. Ukimwuliza mama mkwe au mama mzazi "unaendeleaje", atasema salama hata akiwa kitandani. Mwulize jana usiku alikula nini, na nani alimtekea maji. Mwambie asome namba iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, na kama macho hayaoni, mjukuu amsomee. Mwulize vidonge vimebaki vingapi.

Kuhusu vidonge vyenyewe, naomba kusema neno kama muuguzi. Presha haiumi siku nyingi, ndiyo maana mtu anadhani amepona akaacha dawa. Dawa ya kupunguza maji kwa kawaida humezwa asubuhi, ili usiku mgonjwa alale. Bibi alikuwa akiimeza jioni baada ya chakula kwa kuwa ndipo anapokumbuka, na katika miaka yote ile hakuna aliyemwuliza anameza saa ngapi, pamoja nami. Asiazime vidonge vya jirani hata kama vinafanana rangi. Na ukisikia kwenye simu kwamba maneno yake yanaburuta, au amekuambia mkono mmoja umelegea ghafla, usisubiri kesho. Mpigie jirani aliye karibu ampeleke hospitali saa hiyohiyo.

Binti aliniuliza pia kwa nini mama analala kwenye jiko la udongo wakati wamemjengea nyumba. Nikamwambia amwulize mwenyewe. Bibi akamjibu mbele yangu, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa: vigae ni baridi, vinateleza miguu ikiwa na matope, moto huwezi kuwasha humo, na nyumba ile ni ya wageni. "Nikiichafua mtanikuta Desemba na aibu." Upande wa pili wa simu tulisikia mtu anajipenga.

Sitaki mfikiri kwamba Kashozi ya Februari ni majonzi matupu. Wanaobaki wana maisha yao. Asubuhi ukungu ukitanda juu ya ziwa, wanawake wako kibanjani wanakata majani ya migomba yaliyokauka na kuyatandaza chini kushika unyevu kabla mvua za masika hazijaanza. Mvua za kwanza zikigusa mibuni, maua meupe hufunguka kwa pamoja na harufu yake hufika barabarani. Kikundi chetu cha bujuni, cha kusaidiana, hukutana mara moja kwa wiki, na kuna kucheka kwingi kuliko Krismasi, kwa kuwa hakuna anayepika kwa ajili ya wageni. Kuna mzee mmoja anayeniambia kila mwaka kwamba Januari ndiyo sikukuu yake, maana redio yake inarudishwa mezani.

Katika daftari letu tumeongeza ukurasa. Tunaandika majina ya wazee wote wanaotumia dawa za kila siku, na wiki ya pili ya Januari tunapita kwao kabla hatujaitwa. Mwaka wa kwanza tuliwakuta watatu walioacha dawa, wote kwa sababu ya wageni. Mmoja alikuwa ametoa chumba chake, mwingine alisahau kwa shughuli, na wa tatu aliambiwa na mkwe wake aliyetoka mjini kwamba dawa za mitishamba zinatosha.

Kahawa ya bibi ilipoiva, mnunuzi alikuja kuchukua madebe yake manne. Binti alitaka kulipa fedha ili ibaki, mnunuzi akakataa, na mama mwenyewe akasema alikubali kwa mdomo wake, basi achukue. Iliyobaki ilikwenda chama cha msingi.

Mwezi wa sita nilipita kumpima. Presha ilikuwa 140 kwa 85. Geti lilikuwa wazi, na mlango wa nyumba kubwa pia. Kwenye sakafu ya sebule binti yake alikuwa ametuma mkeka mrefu wa kuzuia kuteleza, na kitanda cha mama kilikuwa kimehamishiwa chumba kilicho karibu na choo. Yeye alikuwa verandani amekaa amenyosha miguu. Vigae vyote, kutoka mlangoni hadi ngazi, vilikuwa vimefunikwa na maharage aliyoyaanika, na aliniambia nipite pembeni nisimkanyagie.